Raba Nyeupe na Ndoo ya Maji

Kuna maswali ya maadili ambayo sisi wanafunzi tumezoea kuyatafuta mbali. Tunajadili kama ni halali kumtoa mtu mmoja kafara ili watano wapone, au kama ahadi iliyotolewa kwa vitisho inamfunga aliyeitoa. Ni maswali mazuri, na sina ugomvi nayo. Lakini yapo mengine ambayo hukaa uani, kando ya beseni, na kwa kuwa tunayaona kila siku hatuyahesabu kuwa maswali. Katika insha hii nataka kulijadili moja: mtu anayeishi mahali penye tope jingi na maji ya kubeba kichwani, anapoziosha raba zake mpaka zikawa nyeupe, anafanya jambo jema, jambo la upuuzi au jambo baya?

Mahali ninapopafikiria ni Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Lugha kubwa ya upande wetu ni Kibemba, lakini Kiswahili huvuka maji pamoja na wavuvi na wachuuzi, na tangu mwaka 2017 kimevuka pia na wakimbizi kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, waliopokelewa kwanza Kenani na kuanzia mwaka 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya hiyohiyo. Mimi nimekulia Kashikishi, penye soko la samaki. Mvua za kwetu huanza Novemba na kuendelea hadi karibu Aprili, na udongo ni mwekundu. Katika miezi hiyo mtu hutoka nyumbani na viatu vyeupe akafika shuleni, kanisani au hospitalini na viatu vyenye rangi ya tofali. Viatu vyenyewe kwa kawaida ni vya salaula. Hilo ni neno la Kibemba la kuchakura rundo na kuchagua, na Watanzania na Wakenya huviita mitumba. Raba hizo zimeshatembea nchi nyingine kwenye miguu ya mtu tusiyemjua, na kuziosha mara ya kwanza ndiyo namna ya kuzifanya zetu.

Kabla ya kuhukumu kazi ni vizuri kuijua. Tope huachwa kwanza likauke, kwa sababu anayeharakisha kulifuta likiwa bichi hulisukuma ndani ya kitambaa. Likishakauka, viatu hugonganishwa soli kwa soli, kisha mswaki mkuukuu hupitishwa kwenye mishono. Kamba hutolewa na kuloweshwa peke yake. Maji ya sabuni huwekwa kidogo kwenye beseni na mswaki ndio unaochovywa. Kiatu hakizamishwi, kwa kuwa gundi haipendi kulowa. Wekundu unaobaki ni kutu ya chuma kilichomo udongoni. Jiki haiutoi, na mara nyingi huacha kitambaa na umanjano. Ndimu na chumvi hufaa zaidi, maana uchachu huyeyusha kutu. Ukingo wa mpira husuguliwa kwa dawa ya meno. Mwishoni kiatu hujazwa karatasi, kikavikwa tishu ili umanjano uishie kwenye tishu, kikaanikwa kivulini kwa sababu jua kali huidhoofisha gundi na soli huanza kuachia. Kazi yote, ukihesabu kukauka, huchukua karibu siku nzima, na kesho yake mvua ikinyesha unaanza upya. Ni kazi isiyoisha, na ndiyo sababu wengine huiona upuuzi.

Shtaka la kwanza dhidi ya raba nyeupe ni kwamba zinadanganya. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kijana anayetoka kwenye nyumba ya matofali mabichi akiwa na viatu vinavyometa anaonekana kama anaificha nyumba yake. Shtaka hili lina ndugu yake katika falsafa. Katika miaka ya 1930 Martin Heidegger alitoa mhadhara kuhusu asili ya kazi ya sanaa, akazungumzia jozi ya viatu vikuukuu vilivyochorwa na Vincent van Gogh. Heidegger aliviona kuwa viatu vya mwanamke mkulima. Katika uchakavu wake na katika unyevu wa udongo aliufikiria ulimwengu mzima wa mwanamke huyo, tangu uchovu wake na njia ya shambani hadi wasiwasi wa chakula. Kwa maneno mengine, kiatu kilichochakaa kinasema ukweli. Mwaka 1968 mwanahistoria wa sanaa Meyer Schapiro alimjibu kwamba viatu vile havikuwa vya mkulima hata kidogo, bali vilikuwa vya Van Gogh mwenyewe, mtu aliyekuwa akiishi mjini wakati ule.

Ubishi huo umeandikiwa kurasa nyingi, lakini nikiusoma nikiwa mtu wa Kashikishi naona kuna jambo limepita bila kuulizwa. Mwanamke yule mkulima, kama angekuwapo, angependa viatu vyake vionekane hivyo? Wakulima ninaowajua mimi hawaendi kanisani na udongo wa shambani. Huosha miguu mlangoni, na mwenye viatu huviosha Jumamosi ili Jumapili ivikute vimekauka. Anayelipenda tope la kiatu kwa sababu ya "ukweli" wake mara nyingi ni yule asiyelivaa. Kwake yeye tope ni habari kuhusu maisha ya wengine, lakini kwa mwenye kiatu ni tope tu, naye anayo haki ya kuliondoa.

Kwa hiyo sikubali kwamba raba safi ni uongo. Uongo unahitaji mtu adai jambo lisilo kweli. Msichana wa Mantapala anayeingia darasani na raba zilizosuguliwa hadai kwamba anakaa kwenye barabara ya lami, na mvua iliyonyesha usiku kila mtu ameisikia. Viatu vyake vinaeleza kwamba amepita kwenye tope lile na amefanya kazi baada ya kupita. Mkakasi wa methali umepambwa nje ili usiulizwe ndani. Raba ya salaula inayong'aa huku mshono wake umeshonwa mara ya pili haifichi chochote kwa anayejua kutazama.

Shtaka la pili ni la kiburi. Jirani zetu wa Kongo wana desturi maarufu ya sape, ile ya kuvaa kwa madaha iliyoenezwa sana na mwanamuziki Papa Wemba, na wapo wanaoilaumu kwamba inamla maskini fedha ili aonekane tajiri kwa saa mbili. Lawama hiyo ina uzito pale ambapo nguo inanunuliwa kwa ada ya mtoto. Lakini kusafisha si kununua. Kuna pia pingamizi gumu zaidi, na nisingependa kulikwepa. Karani anayekutazama miguuni kabla ya kukutazama usoni anakutendea dhuluma. Je, sisi tunaosafisha viatu ili tupokelewe vizuri hatumsaidii kuiendeleza dhuluma hiyo, na kuwafanya walioshindwa kusafisha waonekane wavivu?

Nakiri kwamba jibu la pingamizi hili si jepesi. Jambo ninaloweza kusema ni kwamba kuna sababu mbili tofauti za kusugua kiatu kilekile. Mtu anaweza kusugua ili asifananishwe na wenzake wenye tope, na huyo kweli ameungana na karani. Anaweza pia kusugua kwa sababu kiatu ni chake na siku ni yake, na kwa sababu hataki hali ya barabara iwe ndiyo inayoamua ataingiaje mlangoni. Huyu wa pili hamdharau mtu. Namna ya kumtofautisha na wa kwanza ni kumtazama anavyomtazama jirani aliyechafuka. Akishasafisha vyake akamcheka mwenzake, basi usafi wake umekuwa cheo. Waswahili husema muungwana ni kitendo, na hapa kitendo kinachopimwa ni kile kinachofuata baada ya raba kukauka.

Mpaka hapa nimezitetea raba nyeupe. Lakini shtaka lililo zito kuliko yote hayo halihusu mvaaji hata kidogo. Linahusu maji.

Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, yaani ya kunywa, ya kupika na ya usafi wote. Kwa makadirio yangu, kusafisha jozi moja kwa uangalifu, pamoja na kusuuza mara mbili, kunataka lita zipatazo tano. Hiyo ni theluthi ya maji ya mtu mmoja kwa siku. Na maji hayo hayaji yenyewe. Asubuhi kwenye pampu ya mkono mtaani kwetu, wengi walio kwenye foleni ni wasichana na kina mama. Wengi wanaopenda raba nyeupe kuliko watu wote ni wavulana wa rika langu. Ukiviweka viwili hivyo pamoja utaona tatizo lilipo: weupe wa kiatu cha kaka mara nyingi umebebwa kwenye shingo ya dada.

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa upande wa Kongo, alikuwa na sheria moja nyumbani. Ukitaka kuosha viatu, unakwenda kuteka maji mwenyewe. Hakuwahi kutuhubiria kuhusu sheria hiyo. Aliuliza tu ni nani aliyeyateka yale yaliyomo kwenye beseni, na kama si wewe, beseni lilirudi jikoni. Nilipokuwa mtoto niliichukulia kuwa ni ukali wa wazee. Sasa naiona kuwa ni kanuni ya maadili iliyo bora kuliko nyingi tunazozisoma. Kanuni yenyewe ni hii: heshima unayojipa kwa jasho la mtu asiyeulizwa si heshima yako. Kant alifundisha kwamba tuna wajibu kwa nafsi zetu, na pia kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia makusudi ya mwingine. Kwenye beseni la viatu mafundisho hayo mawili hukutana, na la pili ndilo linaloliwekea la kwanza mpaka.

Mtu anaweza kuniuliza: je, mgonjwa, mzee na mtoto mdogo wasivae viatu safi, kwa kuwa hawawezi kuteka maji? Hapana. Msichana anayemteka bibi yake maji kwa hiari ametoa zawadi, na fundi anayesafisha viatu sokoni kwa malipo amefanya biashara halali. Ninachokikataa ni kile kilicho katikati, ambacho si zawadi wala malipo: kazi inayochukuliwa kwa mazoea kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza.

Wapo watakaosema kwamba Nchelenge ina ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000, hivyo anayetaka kuosha na ashuke ufukweni. Wanaoshuka ni wengi. Lakini kusimama kwenye maji ya ufukweni ni kujitafutia kichocho, na wilaya yetu imeshapigwa na milipuko ya kipindupindu. Tope la kiatu huenda limepita kwenye vichochoro vya soko na karibu na vyoo. Anayelisuuza mahali ambapo mwenzake anateka maji ya kunywa amehamisha uchafu kutoka mguuni kwake hadi kwenye kikombe cha jirani. Vivyo hivyo kwa anayesugua viatu kwenye sakafu ya pampu. Usafi unaomchafua mwingine haustahili jina hilo. Beseni uani, maji yaliyobaki baada ya kusuuza nguo, na mahali pa kuyamwaga mbali na kisima: mambo haya madogo ni sehemu ya maadili yenyewe, kwa sababu hapo ndipo inapojulikana kama tumewakumbuka wengine.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba kuosha raba mahali kama Nchelenge ni jambo jema, wala si uongo na si lazima liwe kiburi. Ni namna ya mtu kusema kwamba yeye ndiye anayeamua ataonekanaje, hata pale ambapo barabara, mvua na umaskini vimekwisha kuamua mengine yote. Lakini wema huo una sharti. Maji yawe yametekwa na mwenye kiatu, au yametolewa kwa hiari au kwa malipo, na machafu yake yasimfikie mwingine. Sharti hilo likifuatwa, wengi wetu tutaosha raba zetu mara chache zaidi kuliko sasa. Kutakuwa na siku ambazo foleni ya pampu ni ndefu na dumu moja ndilo lililopo, na siku hiyo kijana ataingia darasani na viatu vyekundu. Mhadhiri atakayeviona asidhani kwamba huyo ni mvivu. Huenda siku hiyo maji yalikwenda kwenye sufuria, na dada yake naye amewahi shule.