Siri ya Mama na Haki ya Mtoto

Labda wengine kati yenu wamekwisha kuona sinema za zamani za Loretta Young. Bibi huyu alizaliwa mwaka 1913 katika mji wa Salt Lake City, Marekani, akaanza kucheza sinema tangu utoto, na mwaka 1948 akapewa zawadi ya Oscar. Alikuwa mkatoliki, tena mwenye ibada. Lakini hatuandiki ili kusifu uzuri wake wala mavazi yake. Tunataka kupima neno moja: je, ni halali kusema uongo ili kulinda heshima?

Mwaka 1935 alicheza picha moja pamoja na Clark Gable, mtu mwenye mke. Akapata mimba. Siku zile makampuni ya sinema yalitia katika mikataba sharti la mwenendo: mchezaji akipatikana na aibu, kazi yake yaweza kukatwa. Loretta hakutoa mimba. Tusipite haraka hapa, maana kwa jambo hili tunamheshimu. Mtoto, Judy, alizaliwa kwa siri tarehe 6 Novemba 1935, akawekwa kwa wengine. Mwaka 1937 mama yake akatangaza kwamba amechukua mtoto wa kulea. Basi akamlea mwana wa tumbo lake kama mtoto wa mgeni.

Gable alijulikana kwa masikio yake makubwa, na Judy alikuwa nayo vile vile. Judy mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikuwa akivikwa kofia za kuyafunika, na alipokuwa na miaka saba akapasuliwa ili yalale. Ndipo moyo wetu unapouma. Siri iliyoanza mdomoni imefika mwilini mwa mtoto.

Mtu atasema: afanye nini, maskini? Magazeti yangemla mzima. Ni kweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kila uongo ni dhambi, lakini kuficha ukweli kwa busara ni halali. Mwandishi wa gazeti hakuwa na haki ya kujua. Lakini mtoto si mpita njia! Damu ile ilikuwa yake kabla haijawa siri ya mama. Tena uongo huo haukuwa neno moja lililosemwa likaisha. Ulitaka kusemwa upya kila siku, mezani na kitandani. Hata mbali na Hollywood kuna nyumba ambamo mtoto anamwita mama yake dada.

Na Gable je? Aliendelea na sinema zake, akafa mwaka 1960 bila kumkiri Judy mbele ya watu. Mama alibeba hofu yote. Baba alibeba nini?

Wengi katika Hollywood walijua, ila Judy hakujua. Mwaka 1958 mchumba wake ndiye aliyemwambia. Mwaka 1966 alimwuliza mama yake, naye akakiri, lakini nyumbani tu. Judy alipotoa kitabu mwaka 1994, walikaa muda mrefu bila kusemezana. Loretta alikufa mwaka 2000, na kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka ule ndicho kilichosema wazi: Judy ni mwanangu.

Judy alikuwa amekwisha kuacha kazi ya kuigiza. Hata kufa kwake, mwaka 2011, kazi yake ilikuwa kuwasikiliza na kuwashauri watu wenye taabu za moyo.