Nani Atamlipa Aliyeibiwa?

Mafungu ya kujifunza: Kutoka 22:1–4, Mithali 6:30, 31, Mhubiri 8:11, Matendo 24:24–27, Luka 19:1–10, Waefeso 4:28.

Kelele za "Mwizi!" zikisikika sokoni, hakuna anayeuliza ameiba nini wala kwa nani. Mawe yanaokotwa, tairi linaletwa, na kesho yake tunasoma kwamba marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Majina ya wananchi hao hayaandikwi. Huenda baadhi yao waliketi katika darasa la Shule ya Sabato juma lililopita.

Soma Kutoka 22:2, 3. Mwizi akipigwa usiku anapovunja nyumba, naye akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Sababu ya tofauti hii si vigumu kuiona. Gizani mwenye nyumba hajui aliyeingia ana silaha gani wala nia gani, hivyo anajitetea. Mchana mwizi anaonekana, anaweza kutambuliwa, kukamatwa na kupelekwa mbele ya waamuzi. Kumwua hapo si kujitetea tena. Kwa hiyo Mungu aliyekataza kuiba aliweka sheria inayolinda uhai wa mwizi. Hata Kaini, ambaye kosa lake lilikuwa kubwa kuliko wizi, alipewa adhabu na pia alama ya kumkinga na mikono ya watu (Mwanzo 4:15).

Lakini mwizi huyu ametoka wapi? Soma Mithali 6:30, 31, kisha Mathayo 15:19 na Yakobo 4:1, 2. Sulemani anasema mambo mawili kwa pamoja, nasi tumezoea kuyatenganisha. Aliyeiba kwa sababu ya njaa hadharauliwi. Hata hivyo akipatikana atalipa, hata mara saba, hata mali yote ya nyumba yake. Wako wanaoshika nusu ya kwanza tu, wakisema umaskini ndio chanzo cha uhalifu. Maneno hayo yanawadhulumu maskini. Mama anayeuza sukumawiki kando ya barabara tangu alfajiri ni maskini, wala haibi. Wengine wameshika nusu ya pili tu, na kwao njaa ya kijana asiye na kazi, aliyelelewa na mtaa, si habari ya kuwahusu.

Tena Ahabu hakuwa na njaa. Alikuwa na ikulu, akatamani shamba la mizabibu la jirani, na alilipata kwa njia ya mahakama: wazee wa mji, barua zenye mhuri, mashahidi wawili wa uongo (1 Wafalme 21). Uhalifu wa namna hiyo hauitiwi kelele sokoni. Kesi ya kuku inamalizwa na polisi wa kituo cha karibu. Kesi ya Nabothi ilihitaji nabii.

Sasa soma Mhubiri 8:11. Mwandishi anaona jambo ambalo wanasheria bado wanalisema: hukumu ikichelewa, mioyo ya watu hujaa ujasiri wa kutenda mabaya. Ni kweli kwa mhalifu anayeona faili lake likipotea mwaka baada ya mwaka. Lakini ucheleweshaji huumiza upande wa pili pia. Katika Matendo 24, Feliki alimsikiliza Paulo, akaogopa, akamwahirisha, na huku akitumaini kupewa fedha. Miaka miwili ikapita. Paulo hakuwa ameachiliwa wala kuhukumiwa, kwa sababu liwali alikuwa akingoja bahasha.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Inakataza pia mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Ni sheria njema. Hata hivyo dhamana lazima itimizwe. Vijana wawili wakishtakiwa kosa moja, yule ambaye baba yake ana hati ya shamba hulala nyumbani, na mwenzake hulala rumande kabla ya yeyote kuthibitisha kwamba aliiba. Huko ana muda mrefu wa kujifunza, na walimu wake si wale ambao mama yake angewachagua.

Turudi kwenye Kutoka 22. Ng'ombe aliyeibwa na kuchinjwa hulipwa kwa watano, kondoo kwa wanne. Mnyama akikutwa hai mikononi mwa mwizi, malipo ni maradufu. Torati haitaji kifungo cha gerezani kuwa adhabu ya wizi. Walimweka mtu kizuizini wakingoja uamuzi (Walawi 24:12), basi. Ni kweli asiyekuwa na cha kulipa aliuzwa kwa ajili ya wizi wake, na hakuna anayetamani kurudi huko. Ila angalia malipo yalielekea wapi. Hayakwenda kwa mfalme. Yalikwenda kwa aliyeibiwa.

Chukua mfano wa fundi aliyeibiwa cherehani. Mwizi anapatikana na hatia: faini, au mwaka mmoja gerezani. Akilipa faini, fedha zinaingia hazina ya serikali. Asipolipa, analishwa kwa kodi, ambayo fundi naye anachangia. Fundi amekwenda mahakamani mara tano kwa nauli yake, na cherehani ilishauzwa zamani. Jamhuri imeshinda kesi, lakini fundi hana kazi.

Sheria imeacha mlango wazi. Hakimu nchini Kenya anaweza kuamuru fidia kwa aliyedhurika, na kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanisho. Tangu sheria ya mwaka 1998, mkosaji ambaye angefungwa miaka mitatu au chini anaweza kutumikia jamii badala yake: kupanda miti, kutengeneza barabara, kukarabati shule, huku akilala kwake na kulea wanawe.

Hapa tahadhari inahitajika. Kuna watu ambao lazima watengwe na wenzao, na gereza lina kazi yake. Mtoto akinajisiwa, mzee wa kanisa asithubutu kwenda kwa wazazi kuwashawishi "wayamalize nyumbani". Huko si kupatanisha, ni kumficha mhalifu, na Maandiko yasitumiwe kuwa pazia.

Soma Luka 19:8. Kwa aliyekiri mwenyewe, Hesabu 5:7 ilidai arudishe alichochukua na sehemu ya tano juu yake. Zakayo hakuwa amekamatwa na mtu, lakini alijipangia mara nne, adhabu ya mwizi wa kondoo. Yesu alitangaza wokovu katika nyumba ile Zakayo alipokuwa amekwisha kutaja hesabu. Sisi hupenda ushuhuda wa aliyeongokea gerezani, tukasema amina kwa sauti kuu. Ni mara chache tunamwuliza kama amemtafuta aliyemwibia.

Paulo naye, katika Waefeso 4:28, hamwachi mwizi kwenye kuacha kuiba tu. Anamtaka afanye kazi kwa mikono yake, hata awe na cha kumpa mhitaji. Basi kazi hiyo ataipata kwa nani, ikiwa kila mwenye duka kanisani anafunga droo anapomwona? Na kabla hajapata mshahara wa kwanza, ni nani atakayesema kama Paulo alivyomwambia Filemoni (fungu la 18), kwamba deni liandikwe kwake?

Kwa kujadili darasani: Mtu ametoka gerezani, amebatizwa, naye anaomba kazi katika duka la mshiriki mwenzenu. Aliyeibiwa anaabudu katika kanisa hilohilo, benchi la tatu, na hajalipwa kitu. Mzee wa kanisa aanze kwenda kwa nani, na akifika aseme nini?