Hakuna Mtazamaji Kibandani

Katika uwindaji wa kitalii Tanzania, mke au mume anayefuatana na mwindaji bila kupiga risasi huhesabiwa kuwa mtazamaji, na hulipiwa ada ya mtazamaji. Kwa mhasibu hesabu hiyo imefungwa. Kwa anayejiuliza nani ana dhamana ya roho iliyotolewa, bado iko wazi. Hoja yangu ni kwamba anayemchukua mwenzi wake kuwinda chui au simba anamshirikisha, apende asipende, na kwa hiyo anawajibika kumpa haki ambayo wawindaji wengi hata hawaifikirii: haki ya kusema “usipige” na kusikilizwa. Tazama chui anavyowindwa. Mguu wa swala hufungwa juu ya tawi, ili chui akipanda jua likiwa limezama umbo lake lionekane kwenye anga ambalo halijaingia giza. Pembeni hujengwa kibanda cha nyasi na matawi, chenye tundu la mtutu. Humo watu huketi saa nzima na zaidi bila kunong’ona, bila kuvuta sigara, bila hata kumpiga mbu aliyetua shavuni. Kikohozi kimoja huharibu kazi ya siku kadhaa. Mke aliyejibana kikohozi humo ndani anafanya nini kama si kuwinda?

Mwenye elimu ya fikihi atanipinga kwa kisa cha sahaba Abu Qatada, na pingamizi lake ni zito. Katika safari ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, wenzake walikuwa wamehirimia, yaani wameingia katika ibada ya umra, hivyo kuwinda kwao ni haramu. Yeye hakuwa amehirimia. Alipomwona punda mwitu aliomba apewe mjeledi wake, wakakataa. Akauchukua mwenyewe, akamfukuza mnyama na kumuua. Mtume aliuliza kwanza kama kuna yeyote aliyemwagiza au kumwonyesha mnyama yule. Hakukuwa na mtu, wakaruhusiwa kula. Basi, itasemwa, aliyekuwapo tu hana lawama. Mimi naona kisa hiki kinaniunga mkono. Kinachopimwa ni msaada, hata wa kuonyesha kwa kidole, na wale wenzake walikuwa huru kumnyima rafiki yao mjeledi. Mke kibandani hana mjeledi wa kunyima. Alichonacho ni ukimya, na akiuvunja ataambiwa ameharibu safari iliyogharimu maelfu ya dola. Tena punda yule aliliwa. Nyama ya simba na chui, kwa Imamu Shafii na wanazuoni walio wengi, hailiwi, kwa hiyo hata udhuru wa chungu haupo.

Kuwapo kwa mwenzi humbadilisha pia mwenye bunduki. Mwandishi Hemingway aliwinda Tanganyika na mkewe Pauline kuanzia mwishoni mwa 1933, na mwaka 1936 akachapisha hadithi ya Macomber, mume anayemkimbia simba aliyejeruhiwa huku mkewe akimwona toka garini. Hadithi hiyo inamwonea mke, kwa maoni yangu, lakini imeliona jambo moja sawasawa: baada ya aibu ile, mnyama anayefuata anapigwa ili mume ajisafishe machoni pa mtu. Osa Johnson ni habari nyingine. Miaka ya 1920, mumewe Martin alipozungusha kamera mbele ya simba wa Afrika Mashariki, Osa alisimama kando yake na bunduki, na uamuzi wa kupiga ulikuwa mikononi mwake. Ushirika wa namna hiyo naweza kuutetea.

Itasemwa pia kwamba wako wanyama wasioachika. Ni kweli. Simba wawili wa Tsavo waliouawa na mhandisi Patterson mwaka 1898 walikuwa wakila vibarua wa reli, na pale hakuna aliyehitaji idhini ya mke. Swali langu linahusu mnyama ambaye akiachwa hakuna kinachopotea ila ngozi ya ukutani na ada zilizokwisha kulipwa. Ada hizo, watetezi husema, hulinda mapori, na huenda zinalinda. Lakini kibali kinamruhusu mwindaji kupiga, hakimlazimishi, na mkewe akimgusa bega dakika ya mwisho bado ana nafasi ya kuinua kidole kutoka kwenye kifyatulio.