MSHAHARA NA THAWABU: ANAYELIPWA ILI ALISHE WATU, JE, ANATOA SADAKA?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ijumaa ya leo tunaangalia swali ambalo watu hulitaja kwa mzaha, lakini si la mzaha. Mtu akipika chakula nyumbani kwake na kumpa jirani, sote tunasema: huyo ametoa sadaka. Lakini mtu aliyeandikwa kazi na serikali, anayepokea mshahara, akiwapikia watu wa mtaa kwa unga wa serikali na kuni za serikali, tunasema nini juu yake? Wengi wanajibu haraka: "Huyo hana thawabu yoyote, analipwa." Je, jibu hilo ni la haki?

Tuchukue mfano wa kweli, tusizungumze maneno matupu.

Katika nchi ya Kanada kuna mji mkubwa unaoitwa Toronto. Upande wa magharibi wa mji huo kuna bustani ya watu wote, jina lake Dufferin Grove. Si shamba la mboga. Ni uwanja wa miti na majani, watoto wanacheza humo na wazee wanapumzika, na mwenyewe ni jiji. Mwaka 1995 ilijengwa humo tanuri ya mikate inayowashwa kwa kuni, na mwaka 2000 ikajengwa ya pili. Wakaazi wa mtaa ndio walioanza kuitamani kazi hiyo, lakini walioifanya siku kwa siku walikuwa wafanyakazi wa jiji, wa idara ya bustani na michezo. Wengi wao walikuwa watu wa kazi ya saa chache, si wakubwa wa ofisi. Walikanda unga, walioka mikate, na wakati wa baridi walipika supu katika nyumba iliyo kando ya uwanja wa barafu, pale watoto wanapoteleza. Ijumaa jioni walitayarisha chakula cha mtaa. Mwaka 2002 wakulima wakaanza kuleta mazao yao bustanini kila Alhamisi, na mboga za soko lile zikaingia katika sufuria ya Ijumaa.

Chakula kile hakikugawiwa kwa foleni na jetoni. Watu walitoa bei ndogo, wakaketi na kula pamoja. Siku za joto wazazi walipewa donge la unga, wakalisukuma wenyewe pamoja na watoto wao, wakaweka juu yake nyanya na jibini, kisha mfanyakazi akaliingiza tanurini. Aliyekula alikuwa ametia mkono wake katika kazi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wapo wenye kupinga, na hoja zao ni tatu. Tuzisikilize moja moja.

HOJA YA KWANZA: Sadaka ni kutoa kilicho chako. Unga si wa mfanyakazi, kuni si zake, hata saa zake amekwisha kuziuza. Ametoa nini?

Ndugu Waislamu, jambo hili Mtume (s.a.w.) amekwisha kutufundisha. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alieleza kwamba mtunza hazina mwaminifu, anayetoa kile alichoamriwa, akakitoa kamili, kwa moyo mkunjufu, akamfikishia yule aliyeamriwa kumpa, basi naye anahesabiwa kuwa mmoja wa watoaji wa sadaka. Mali si yake, lakini thawabu anayo. Tena Qur'ani yenyewe, katika Sura ya 9 aya ya 60, inawataja watumishi wa zaka kati ya wale wanaopewa fungu katika zaka. Kwa hiyo malipo peke yake hayafuti wema. Kama yangeufuta, Mwenyezi Mungu asingewawekea fungu.

Lakini angalieni vizuri masharti: akitoe kamili, akitoe kwa moyo mkunjufu, kimfikie mwenyewe. Hapo ndipo mshahara unapokoma na thawabu inapoanza. Mshahara unanunua saa na mikono. Haununui uso wenye furaha. Haununui kumkumbuka mzee aliyezoea kuja kila Ijumaa na leo hakuonekana. Mkubwa wa kazi anaweza kukuamuru uchote supu. Hawezi kukuamuru uichote kwa heshima. Hicho ambacho hakikununuliwa ndicho mtumishi anachokitoa kutoka mali yake mwenyewe.

HOJA YA PILI: Chakula kilitolewa kwa bei, na kuuza si kutoa.

Ni kweli kwamba biashara ni biashara. Lakini jiulize, bei ndogo inamfanyia nini mlaji? Sura ya 2, aya ya 263 na 264, inatuonya kwamba sadaka inayofuatwa na masimbulizi na maudhi inabatilika, na kwamba neno jema ni bora kuliko sadaka ya namna hiyo. Wengi wetu tumeuona msaada unaoudhi: mtu anasimama juani tangu asubuhi, anaitwa kwa namba, anapigwa picha akiwa ameshika mfuko wa unga. Amekula, lakini ameondoka ameinama. Mtu aliyetoa sarafu yake mbili tatu, au aliyekanda unga wake mwenyewe, anakula akiwa ameinua kichwa. Kwa hiyo bei ndogo yaweza kuwa rehema. Hatari yake iko upande wa pili: siku bei itakapomfungia mlango asiye na kitu, rehema imekwisha, na tanuri imekuwa duka kama maduka mengine. Anayesimama mlangoni ndiye mwenye kulinda mpaka huo, naye ni yule yule mtumishi wa mshahara.

HOJA YA TATU: Fedha za umma zikishikwa na wapishi, mwisho wake ni wizi.

Hoja hii ni nzito. Pale Dufferin Grove, kwa miaka mingi fedha za mkate zilirudi moja kwa moja kununua unga na kuongeza mikono ya kazi. Baadaye jiji likataka kila sarafu ipite katika hesabu zake. Wakaazi wakalalamika: tanuri inayotaka unga leo haiwezi kungojea barua ipande ngazi za ofisi na kushuka tena. Wakubwa nao walikuwa na neno lao: mali ya watu wote isiyoandikwa haina mlinzi.

Nani ana haki? Sisi tunaikumbuka habari ya mkusanya zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliyerudi Madina akasema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi mimi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akauliza kama angepewa zawadi hiyo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Kwa hiyo daftari ni lazima, wala mtu mwema asione vibaya akiulizwa hesabu. Lakini amana ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kwamba mkono unaoishika usiile. Nusu ya pili ni kwamba iwafikie wenyewe kwa wakati wake. Karani ambaye daftari lake ni safi na tanuri imezimika, huyo ametimiza nusu ya amana. Asijisifu.

Katika mji huo huo wa Toronto kuna mtaa wa maghorofa unaoitwa Thorncliffe Park, na Waislamu waliotoka Pakistan, Afghanistan na India ni wengi huko. Mwaka 2008 wanawake wa mtaa waliunda kamati yao, wakaanza kuitengeneza bustani ya jirani, iitwayo R.V. Burgess. Wakaanzisha soko la Ijumaa wakati wa kiangazi, na mwaka 2013 wakapata tanuri ya mkate kama ile ya kwao, tandoor, katika uwanja wa jiji na kwa ruhusa ya jiji. Hapo tunaona kwamba serikali na majirani si lazima wapokonyane mwiko. Mmoja ana uwanja na ruhusa, mwingine ana ujuzi na mikono.

Ndugu msomaji, usiikunje karatasi hii ukisema hayo ni mambo ya Kanada. Kati yetu tunaoswali safu moja kuna karani wa komini, kuna mwalimu, kuna muuguzi. Nao ni watumishi waliowekwa kati ya mali ya umma na mtu mwenye haja. Tunajua hali yao: mshahara ni mdogo, unachelewa, pengine hauji kabisa. Hapo tuseme mambo mawili, na lisiachwe hata moja.

La kwanza: kumtumikisha mtu bila kumlipa ni dhuluma. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Asije mkubwa akatumia maneno yetu haya kusema, "Fanyeni kazi, thawabu mtaipata kwa Mungu." Thawabu ni ya Mungu kuitoa, mshahara ni wa mwajiri kuulipa. Na sisi wenyewe, tunapowaita mama kutupikia futari ya Ramadhani, tusiwanyime ujira wao kwa kisingizio cha sadaka.

La pili ni gumu zaidi. Yule mama aliyesimama mbele ya meza yako na mtoto mgongoni, akitaka karatasi yake au dawa yake, siye aliyezuia mshahara wako. Ukimtoza asichodaiwa, umechukua deni la mkubwa ukamlipisha maskini. Dai haki yako kwa yule aliye nayo. Na yeye mpe haki yake kamili, kwa uso mkunjufu, nawe utaandikwa kati ya watoaji hata kama mfukoni mwako hamna franka moja.

Basi tusimpime mtumishi kwa kuuliza kama analipwa. Tumpime kwa amana aliyoishika, na kwa namna anavyomwacha mlaji baada ya kula: amesimama, au ameinama.

Ewe Mola wetu, utujaalie kuwa waaminifu katika vikubwa na vidogo. Uwape watumishi wetu haki yao, na utie huruma katika mikono yao. Ulishe wenye njaa wa mtaa wetu, wala usitufanye sisi kuwa kizuizi kati ya riziki na mwenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako. Usiitupe chini karatasi hii, ina jina la Mwenyezi Mungu.)