Je, Nimtume na Huyu Akaibe?



Swali lililo hapo juu si langu. Niliulizwa likizo iliyopita nyumbani Muyinga, katika mtaa wa Waswahili, na mama jirani yetu ambaye alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Alikuwa ameketi mkekani akichambua maharage, nami nimepita kumsalimia tu, maana mwanafunzi aliyetoka Gitega lazima aonekane na kila mzee wa mtaa kabla hajarudi.

Ana wavulana wawili. Mkubwa, akiwa na miaka kumi na sita, alikamatwa na betri ya gari ya mtu. Akahukumiwa, akapelekwa katika kituo cha kurekebisha watoto. Mama alikwenda kumtembelea akarudi ameshangaa: mtoto anaingia darasani, anakula kila siku, anajifunza useremala. Mdogo hajawahi kuiba kitu cha mtu. Aliacha shule mwaka wa sita kwa kukosa sare na madaftari, na siku hizi anabeba matofali kwa mafundi, akilipwa siku wanayotaka kulipa. Baba yao alivuka Kobero kwenda kulima Tanzania, huu ni mwaka wa nne, hajaleta hata salamu.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu," akaniambia, wala hakuwa na hasira. "Aliyeiba anasomeshwa na serikali. Asiyeiba anabeba matofali. Je, nimtume na huyu akaibe?"

Nikamwambia, "Mama, vuta subira, Mwenyezi Mungu hamsahau mja wake." Akaitikia, "Ni kweli, mwanangu," akaendelea na maharage yake. Nilipokuwa ndani ya gari, tumeshapita Karuzi, ndipo nilipoona aibu. Subira ni ibada kubwa, lakini mimi niliyemhubiria nilikuwa nimeshiba, na kitambulisho cha chuo kimo mfukoni. Aliniuliza swali la haki nikamjibu kwa neno la kumnyamazisha.

Tangu hapo nimekuwa nikilitafuta jibu. Naliandika hapa kwa sababu nadhani swali lile linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hivyo vituo, maana wengi wetu tunavisikia tu. Zamani mtoto aliyehukumiwa hapa Burundi alifungwa katika magereza yale yale ya watu wazima, na alichojifunza humo kila mtu anaweza kukisia. Katika muongo uliopita vikafunguliwa vituo vya kuwarekebisha watoto waliovunja sheria: Ruyigi na Rumonge kwa wavulana, Ngozi kwa wasichana. Kanuni ya adhabu ya mwaka 2009 iliweka mpaka katika miaka 15. Aliye chini ya hapo hashtakiwi kwa jinai. Kenya, hata baada ya sheria yao ya watoto ya 2022, mpaka ni miaka 12. Sisi wafuasi wa Imam Shafi'i umri huu wa 15 hautushangazi. Abdullah bin Umar (r.a.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka kumi na minne, Mtume (s.a.w.) akamrudisha, siku ya Handaki alikuwa na kumi na mitano, akamruhusu. Wanazuoni wakaushika umri huo kuwa mpaka wa utu uzima kwa ambaye dalili nyingine hazijamtokea.

Kwa hiyo yule mkubwa alikwisha kuvuka mpaka wa sheria na hata wa fiqhi. Alijua anachofanya. Sasa kwa nini asomeshwe?

Nikimsikiliza mama yule kwa makini, naona amekichukulia kile darasa cha kituoni kuwa zawadi. Hapo ndipo kosa la hesabu lilipo, na ni kosa tunalolifanya karibu sote. Kumbukeni hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyo katika Bukhari na Muslim. Kosa lake lilikuwa kumfungia paka yule asimpe chakula, wala asimwachie akajitafutie mwenyewe. Akili ya hadithi hii ni nzito kuliko tunavyoifundisha madrasa. Anayemfungia kiumbe amemzibia njia zake zote za riziki, kwa hiyo riziki yake imekuwa deni juu ya aliyeshika ufunguo. Ikiwa ni hivyo kwa paka, vipi kwa mtoto wa Adamu mwenye miaka kumi na sita? Serikali iliyomfunga imemtoa kwa mama yake, kwenye shule yake na kwenye kazi yoyote ambayo angeipata. Sahani ya ugali na ubao wa darasani anavyopewa humo ni nafaqa ya mfungwa juu ya mfungaji. Hakushinda kitu. Analipwa alichonyang'anywa, tena kwa upungufu, maana uhuru wake haujarudi.

Mpaka hapa nilijiona nimemaliza. Mwenzangu wa chumbani, anayesoma sheria, akanivunja kwa sentensi moja: "Umemjibu kuhusu yule mkubwa. Yeye alikuuliza kuhusu mdogo."

Kweli kabisa. Mdogo hajafungiwa na mtu. Dunia yote iko wazi mbele yake, na hakuna hata mlango mmoja unaofunguka. Ni paka aliyeachiwa katika uwanja usio na kitu. Karo ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005, jambo kubwa ambalo kizazi chetu kimefaidika nalo. Wengi tunaosoma gazeti hili tusingelijua kusoma. Mwaka 2013 tukapata ekofo ya miaka tisa. Baadhi ya shule za Muyinga na za hapa Gitega zina chakula cha mchana kinachotolewa na serikali pamoja na Shirika la Chakula Duniani, na mwalimu yeyote atakwambia siku sufuria isipowekwa motoni madawati yanakuwaje. Lakini karo si daftari, na karo si sare. Karo pia si yale mapato ya siku moja ya matofali ambayo nyumba isiyo na baba inayakosa kila siku mtoto anapokaa darasani. Mlango uliofunguliwa bure bado una kizingiti, na kuna watoto wafupi.

Fiqhi haimwachi mtoto huyu hewani. Nafaqa yake ni juu ya baba. Baba akikosekana, ni juu ya jamaa wenye uwezo, kwa mpangilio ambao vitabu vimeueleza na sitaurudia. Wakikosekana, ni juu ya hazina ya umma. Na hazina ikishindwa, ni fardhi kifaya juu ya kila mwenye ziada anayejua habari zake. Mtasema Burundi haina baitul-mal. Sawa, lakini hazina ya serikali ina kodi ya sukari, chumvi na vocha za simu anazonunua mama huyu huyu. Naye amelipia lile darasa la useremala. Ana haki ya kuuliza kwa nini pesa yake inamfikia mwanawe mmoja tu, tena baada ya polisi kumfikia kwanza.

Hapa nataka kukaa kidogo na kisa ambacho kila mmoja wetu amesikia nusu yake. Tunapenda kusimulia kwamba Amirul-Muuminin Umar bin Al-Khattab (r.a.) hakukata mikono mwaka wa njaa. Kuna kingine katika Muwatta ya Imam Malik. Watumwa wa Hatib walimwiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe, kisha akasita, akamwambia bwana wao kwamba anaona anawashindisha njaa, na kwamba atamtoza faini itakayomuuma. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake. Mtu akasema alikataa kumuuza kwa dirham mia nne. Umar akamwamuru bwana yule atoe mia nane.

(Imam Malik mwenyewe, baada ya kuipokea, amesema hukumu ya kulipisha maradufu siyo iliyoshikwa Madina. Nalitaja hili ili msiende kunukuu kisa hiki kwenye mjadala mkaumbuka.)

Tazameni alikoielekeza hukumu. Hakusema wizi haukutokea, wala hakumwambia mwenye ngamia asamehe tu kwa sababu wezi walikuwa na njaa. Mwenye mali alipata haki yake na zaidi. Ila Umar aliufuata wizi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akamfikia mtu aliyekuwa na wajibu wa kulisha na hakulisha, akamfanya alipe. Katika kesi ya betri ya Muyinga, mahakama ilisimama kwa mtoto. Baba aliyevuka mpaka hakuulizwa. Jamaa zake waliobaki mtaani, na mmoja wao husali safu ya kwanza, hawakuulizwa. Mwenye betri naye hakulipwa hata faranga moja. Mwenzangu wa sheria anasema sheria za leo haziwezi kumlipisha ami kwa wizi wa mtoto wa nduguye. Labda. Lakini naona ajabu kwamba fedha zinapatikana kwa ajili ya kituo, na hazipatikani kwa ajili ya hatua zile za nyuma.

Wapo wanaojibu kwamba tuwasaidie hawa mapema kwa sababu ni nafuu: daftari leo au kitanda cha kituo kesho. Hesabu hiyo ni sahihi na naichukia. Inamfanya yule mdogo awe mwizi ambaye hajapata nafasi. Mwaka 2022 Wizara ya Mshikamano ilipoendesha operesheni ya kuondoa watoto na ombaomba barabarani, nilisikia watu wazima, tena wacha Mungu, wakishukuru kwamba mji umekuwa salama. Kiswahili chetu kinatutega hapa: mtoto aliye hatarini na mtoto aliye hatari, silabi moja tu inawatenga, na midomo yetu huimeza silabi hiyo tukiwaona wanne wamesimama pamoja sokoni Gitega. Hofu inaweza kujenga kituo. Kwa mtoto mtulivu anayebeba matofali haitajenga kitu, kwa sababu hamtishi mtu.

Wamarekani, katika sheria yao kuu ya elimu ya mwaka 1965, wana sehemu inayotenga fedha kwa vijana wa makundi matatu: waliotelekezwa, waliokosa, na walio hatarini. Sijui hali yao vizuri, na magereza yao si mfano wa kujivunia. Lakini kuwaweka watatu hao katika mstari mmoja kumenifikirisha. Mara nyingi ni mtoto yule yule katika miaka tofauti. Au, kama Muyinga, ni ndugu wawili wa tumbo moja.

Kila Ijumaa tunasoma Suratul-Kahf. Musa na Khidhr (a.s.) wanafika mji uliokataa kuwapa chakula, na Khidhr anasimamisha ukuta unaotaka kuanguka, bila ujira. Chini yake ilikuwepo hazina ya mayatima wawili. Nimeisoma tangu utotoni nisilione jambo hili: watoto wale hawakuwa wameiba, hawakuwa wameomba, wala hawakujua kwamba kuna ukuta. Kazi ilifanywa kabla hawajafikia umri wa kukosea, katika mji wa watu bahili, na mtu ambaye alikuwa na njaa yeye mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo letu. Tangu alfajiri ile ya Desemba 2021 gereza la Gitega lilipoungua na watu wasiopungua 38 wakafa, sadaka ya jumuiya yetu imeelekea gerezani. Ni sahihi, na kwa hoja ya paka niliyoitoa siwezi kusema iachwe. Lakini Ramadhani iliyopita, katika kikao, dada mmoja wa kamati alipendekeza sehemu ya fedha iende kwa watoto walioacha ekofo katika mitaa tunayotoka. Mimi nilikuwa wa kwanza kumpinga. Nilisema hatuna orodha yao, hatuna ofisi ya kupokea barua yetu, na kwamba gerezani angalau tunajua pa kugonga. Mkaniunga mkono. Tukaenda, tukapiga picha mbele ya lango, na picha zilipendeza. Dada yule hakulirudia pendekezo lake.

Namwomba radhi hapa, kwa maandishi, kwa kuwa nilimpinga mbele ya watu.

Kikao kijacho ni Jumamosi baada ya Alasiri. Nimemwomba katibu aliweke tena pendekezo lake kuwa la kwanza, na safari hii nina mwanzo wa orodha: jina moja, mtaa wa Waswahili, Muyinga, mwaka wa sita. Mwalimu wake wa zamani amenihakikishia kwa simu kwamba akija na sare na madaftari atapokelewa. Kuhusu ujira wa matofali bado sijapata hesabu inayokubali. Nyumba ile inautegemea, na daftari haziliwi. Atakayekuja Jumamosi na wazo juu ya hilo tutamshukuru. Namba ya mama yule ninayo. Sijampigia bado.