Akiamka, Apewe Chakula

Andiko: Marko 5:21-43

Ujumbe huu niliuhubiri Jumapili iliyopita na wengi mliniambia hamkusikia mwisho wake, spika zilikuwa zinakatakata. Kwa hivyo nauandika. Na hizo spika nitazirudia hapo chini.

Habari za Yairo tumezoea kuzihubiri hadi pale binti anapoinuka. Hapo kinanda kinaingia, akina mama wanapiga vigelegele, na sisi wahubiri tunafunga Biblia. Lakini mstari wa 43 bado uko. Yesu anawaagiza watu wa nyumba ile wampe mtoto chakula. Ebu fikiria. Aliyemtoa mautini angeshindwa kumshibisha? Sura inayofuata tu analisha wanaume elfu tano. Lakini chakula cha huyu binti aliwaachia wao. Muujiza ni wake, jikoni ni kwetu.

Sasa nisikilizeni. Mama mmoja wa hapa kanisani amenipa ruhusa nisimulie habari za mwanawe, bila kumtaja jina.

Ni usiku wa kesha, mwezi wa Aprili, kama saa nane hivi. Vijana wa ulinzi wakaniita nyuma ya tangi la maji. Kijana amelala chali, midomo imebadilika rangi, anakoroma. Mmoja akasema, "Mwacheni, amelewa, atalala." Kumbukeni hili hata mkisahau mengine yote: mtu wa unga akikoroma hivyo, umtikise na asiamke, huyo hajalala. Heroini ikizidi, pumzi inapungua kidogo kidogo mpaka inakatika. Sisi tukammwagia maji. Mwingine akakimbilia maziwa, na baadaye nikaambiwa maziwa yangeweza kumpalia akafa papo hapo.

Kwa neema ya Mungu jirani na kanisa anaishi dada ambaye kazi yake ni kuzunguka maskani na begi mgongoni, akitafuta vijana kama huyu. Akaja mbio, akamdunga naloksoni, akawa anampulizia pumzi. Dakika chache, kijana akafungua macho. Wapendwa, tulipiga kelele za haleluya mpaka majirani wakawasha taa!

Dada akanivuta pembeni. "Pasta, tumpeleke hospitali. Hii dawa inaisha nguvu mapema, unga bado uko mwilini. Na saa hii ana arosto, akiachwa ataenda kutafuta tena." Mimi nikamwekea kijana mikono, nikamwombea, nikamwambia tuonane Jumapili. Halafu nikarudi madhabahuni nikatoa ushuhuda kwa maikrofoni. Alfajiri tukakuta ameondoka. Jumanne alipatikana amekufa ndani ya jumba ambalo halijamalizika kujengwa. Ukisimama kwenye lango letu unaliona.

Siku ya mazishi mama yake aliniuliza, bila ukali wowote: "Pasta, Ijumaa mlimwombea akaamka. Jumamosi nani alienda kumwona?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kuna jambo lingine na lazima nilitubu mbele yenu. Huyu kijana mwaka jana alitaka kujiandikisha kupata methadoni. Akanijia kuuliza. Nilimwambia hiyo ni kubadilisha pepo mmoja kwa mwingine, afunge na kuomba. Nilikosea. Wangapi hapa mnameza dawa za presha kila asubuhi na bado mnanena kwa lugha? Sijawahi kumwambia mtu wa sukari atupe insulini yake. Tangu mazishi nimeuliza wauguzi, nimeelezwa. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Inatuliza arosto na hamu ya unga, mtu apate kusimama, afanye kazi, arudi nyumbani. Kenya huduma hii ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na huku kwetu Pwani iko Malindi, iko Kisauni. Haijaanza jana. Mimi ndiye niliyechelewa.

Kabla ya hapo mama yake alikuwa ameshauza cherehani akamlipia miezi mitatu katika kituo cha kurekebisha tabia. Yule mwanamke wa kutokwa damu, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga, yumo katika sura hii hii ya Marko. Wako wengi hapa kanisani kama yeye, nawajua. Kijana alitoka amenenepa, tukamshangilia. Lakini mwili ukikaa bila unga unasahau kiwango. Akirudia kile cha zamani, kile kile kinamuua. Hii ndiyo sababu mtu aliyetoka jela au rehabu yuko hatarini kuliko aliyekuwa maskani siku zote, na aliyezimika mara moja yuko karibu kuzimika tena. Siku zile za kwanza ndizo za kumshika mkono.

Na nani wa kumshika? Huwezi kuamka leo ukanywa methadoni kesho. Kuna kupimwa, kuna vikao vya ushauri, kuna kutafuta mtu wa familia akusimamie. Wanaowapitisha vijana njia hiyo ni hawa wa kuzunguka na begi. Wanawajua kwa majina, wanajua nani amehama maskani gani. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mingi ya nje, mshahara wa dada yetu ulikatika. Timu yao ikavunjika. Ile Aprili alipokuja mbio alikuwa halipwi hata shilingi. Sasa anauza viazi karai, na anazunguka siku anazoweza.

Najua mnachosema, kwa sababu mzee mmoja ameshaniambia ofisini: "Pasta, tuwalipie mateja nauli? Si ndio walioiba mabomba ya choo?" Ni kweli, waliiba. Nilinunua mengine kwa mfuko wangu na nilikasirika. Sitaki kuwadanganya kwamba kila tutakayemsaidia atapona. Wengine watatuchezea. Lakini Yesu hakumwambia Yairo ahakikishe kwanza binti hataugua tena.

Basi nimekaa na mweka hazina tukapiga hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi kliniki ni shilingi 120, na chakula 100. Wiki mbili za kwanza ni shilingi 3,080 kwa mtu mmoja. Tukichukua wanne kwa mwezi, ni 12,320. Dada na mwenzake wakizunguka siku tatu kwa wiki, kila mmoja shilingi 400 kwa siku, ni 9,600 kwa wiki nne. Jumla 21,920. Pesa hazitapewa kijana mkononi, mtu atapanda naye matatu. Hesabu itabandikwa ubaoni kando ya ile ya fungu la kumi, msome wenyewe.

Mfuko wa spika mpya una shilingi 131,500. Hiyo inatosha miezi sita, pungufu kama senti za chai. Baraza la wazee linakutana Alhamisi na nitaomba pesa hizo zihame. Wakikataa, nitaomba tena mwezi ujao. Wakikubali, mtavumilia spika za kukatakata, na mimi nitahubiri kwa sauti.

Tunahitaji watu wanne wa kusindikiza, wanaoweza kuamka mapema. Wawili wameshajiandikisha, mmoja ni yule kijana wa ulinzi aliyesema aachwe alale. Vilevile tunahitaji sufuria kubwa. Mama wa marehemu amesema uji atapika yeye, kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, pale nyuma ya tangi. Baraza likubali lisikubali, uji upo. Anayeweza kuleta sukari au unga wa mtama amwone yeye mwenyewe baada ya ibada.