Kucheza Penye Machozi

Je, ni halali kucheza mahali walipolia wenzetu? Swali hili lilitupata tulipowapeleka wajukuu Changuu, kisiwa cha likizo zetu za utotoni, mkabala na mji wa Unguja. Walipokwisha kuwalisha kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, waliuliza habari za gereza lililojengwa 1893, likageuzwa mahali pa kuwatenga wasafiri wa meli kwa kuhofia maradhi. Sisi hatukuambiwa, tulicheza tu. Wapendwa, Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama penye soko la watumwa lililofungwa 1873, nasi twaimba humo. Furaha haiwadharau waliolia, mradi wanakumbukwa. Tuwaeleze watoto, kisha tuwaache wacheze.